Ng'ombe Ambao Sikuwaandika

Alfayo Machogu alizikwa mwaka jana kabla ya mvua kuanza, na kijana mmoja wa kanisa akasoma historia yake kaburini. Ilichukua dakika tatu. Alizaliwa, alibatizwa, alimwoa Drusilla, wakakuza watoto watatu, alikuwa shemasi, aliugua kifua. Mwaka wa 1968 haukutajwa. Sikutarajia utajwe. Waliobaki wanaoujua ni wachache, na anayeujua kuliko wote ni mimi, maana niliuandika kwa mkono wangu.

Mashamba yetu yalitenganishwa na mfereji mwembamba wa maji, mlimani juu ya Masimba. Yeye alikuwa na ekari mbili na nusu: pareto upande wa juu penye baridi, migomba kuizunguka nyumba, na kipande cha wimbi, kwa kuwa hakukubali kula ugali wa mahindi matupu. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alipokuwa akilima hakuinuka mpaka mstari uishe. Kusoma kwake kuliishia kwenye Agano Jipya na kitabu cha nyimbo. Mimi sikwenda shule kumshinda. Nilijifundisha mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sukari na kwa kitabu cha sarufi nilichouziwa na mpishi wa mzungu mmoja aliyekuwa akihama. Nikawa mwandishi wa barua za mlima mzima, kisha chifu akaniweka mezani kwake, na watu wakaniita Karani. Nililipenda jina hilo kupita kiasi.

Mwaka wa 1965 binti mkubwa wa Alfayo, Gesare, aliolewa upande wa Suneka kwa ng'ombe saba. Kwetu ng'ombe wa binti si mali ya baba. Wanapita tu mkononi mwake wakielekea kwa kaka yake binti huyo, ili naye aoe. Kila mtu alijua, bila kuambiwa, kwamba wale saba walikuwa wa Zachariah, mwana wa pekee wa Alfayo, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na saba. Lakini majani hayakuwapo. Ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa hadi vichochoroni, na malisho ya ukoo yalikuwa yamekuwa mashamba ya watu. Alfayo akabakiza ng'ombe mmoja wa maziwa nyumbani, na sita akawapeleka Nyansiongo kwa Ombui, mwana wa baba yake mdogo, aliyepata ploti kubwa huko wazungu walipoondoka.

Jambo hilo tunaliita ogosagaria. Unamwekea mtu ng'ombe wako bomani mwake. Yeye anakunywa maziwa na kutumia samadi, wewe unabaki na ng'ombe na ndama wao, na siku ukiwahitaji unakwenda kuwachukua. Baba zetu walifanya hivyo ili ugonjwa ukiingia boma moja usimmalize mtu, na pia ili pasiwe na jirani wa kujua idadi. Kumuuliza mwanamume ana ng'ombe wangapi kulikuwa utovu wa adabu. Ukiulizwa ulisema, "Nina vijing'ombe viwili vitatu," na aliyeuliza akaona haya.

Karatasi haikuwako. Walikuwako mashahidi wawili: mzee Ogari na mimi. Tulisimama bomani kwa Ombui asubuhi, Ogari akamtaja kila ng'ombe kwa rangi na pembe zake, nikarudia maneno yake, na Ombui akarudia yangu. Kisha tukala kuku. Kwa baba zetu ingetosha kwa miaka hamsini.

Mapema mwaka wa 1968 binti yake mdogo, Bathsheba, alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Alikuwa darasa la sita, msichana wa pekee aliyebaki kati ya wavulana wengi, na mwalimu wake alikuwa ameniambia kwamba huyo atapita mtihani wa darasa la saba akiwa amefumba macho. Malipo ya pareto yalikuwa yamechelewa miezi minne. Drusilla alikuwa ametoka hospitalini na kilichokuwapo kilikuwa kimekwenda na dawa. Bathsheba akawa anachuma pareto na mama yake, na vitabu vyake vikapangwa juu ya kabati na kufunikwa kitambaa.

Mwezi huohuo chifu akatangaza barazani kwamba halmashauri itasamehe karo za watoto wa maskini. Mtu angejaza fomu. Mapato ya nyumba yake kwa mwaka mzima yasipite shilingi mia tano, na ng'ombe wake wasipite wawili. Zaidi ya hapo, hata kwa shilingi moja, hata kwa ndama mmoja, hakuna msamaha. Watu waliita fomu hiyo karatasi ya abataka, yaani ya mafukara, na wiki ya kwanza hakuna aliyeigusa.

Nitasema jinsi tulivyozoea. Mwenye njaa kwetu hakujulikana kwa kutangazwa. Jirani alimwona mkewe akichuma mboga zilizokomaa kupita kiasi, basi kesho yake kikapu cha wimbi kikakutwa mlangoni, na mwenye kikapu hakujitaja. Sasa tuliambiwa tupange mstari tuseme kwa sauti jinsi tulivyo masikini, na atakayesema vizuri zaidi ndiye atakayepewa. Nililiona hilo. Hata hivyo ni mimi niliyevuka mfereji na fomu mkononi kwenda kwa Alfayo, kwa kuwa nilimpenda yule mtoto, na kwa kuwa chifu alitaka majina.

Tulikaa nyumbani kwake mchana, Drusilla akatuletea ndizi za kuchemsha. Nikamuuliza maswali kama yalivyoandikwa.

"Pareto, mwaka jana wote?"

"Mia mbili na arobaini hivi," Alfayo akasema. "Mama Gesare ndiye anayekumbuka."

"Mia mbili na thelathini na sita," Drusilla akasema. "Na ndizi usimwulize yeye, niulize mimi. Ndizi ni tisini. Mayai hayafiki ishirini."

"Zachariah analeta kitu?"

"Analeta njaa," Drusilla akasema, na Alfayo akacheka kidogo.

Nikajumlisha. Ilikuwa chini ya mia tano kwa mbali. Nikafika kwenye ng'ombe.

"Mmoja," Alfayo akasema.

Nje kuku walikuwa wakiparua majani ya migomba.

"Na wale wa Nyansiongo?" nikauliza.

"Wale ni wa Zachariah. Wewe unajua."

"Fomu inasema ng'ombe wa nyumba. Zachariah hajaoa, bado ni wa nyumba hii."

"Hiyo nyumba ya kwenye fomu ni ya nani?" akauliza. "Mimi nikimchukua hata mmoja wa wale nikamuuza kwa karo, ukoo utaniita mwizi wa mwanangu. Siwezi kumuuza, siwezi kumchinja, simkamui. Halafu niandikwe kwamba ninaye?"

Alikuwa na haki, na fomu haikuwa na mahali pa kuandika haki hiyo. Ningeweza kwenda kwa mwenyekiti wa kamati nimweleze. Ningeweza kuandika pembeni. Ilikuwa na nafasi ndogo pembeni, naikumbuka. Lakini niliogopa kuonekana karani asiyejua kazi yake, anayeleta fomu zenye maneno ya pembeni.

"Aibu nitaibeba mimi," Drusilla akasema. "Wewe andika mmoja."

Nikaandika mmoja. Alfayo akaweka kidole gumba chini, ingawa kusaini alijua. Alisema hataki kuliandika jina lake pale kwa mkono wake.

Sharti la mwisho lilikuwa kwamba kila mwombaji asimame barazani, asomewe fomu yake mbele ya watu, na anayejua mali iliyofichwa aseme. Siku hiyo tulijaa kwenye uwanja wa kambi ya chifu. Kamati ilikuwa ya watu wanne, mwenyekiti wao Mwalimu Andrew aliyekwisha kustaafu, na mimi mezani nikisoma. Wajane walitangulia. Nehemiah, mwenye bucha, alisimama nyuma na genge lake wakitia maneno. Mjane mmoja alipotajwa kuwa na mbuzi wawili, Nehemiah akasema, "Mmoja ana mimba, andika wawili na nusu." Watu wakacheka, na yule mama akacheka nao huku akivuta leso yake usoni.

Nikasoma jina la Alfayo Machogu. Akaja mbele amevaa koti lake la Sabato.

"Shemasi naye," Nehemiah akasema. "Koti hilo limo kwenye fomu?"

"Limo moyoni mwako," Alfayo akajibu bila kugeuka, na safari hii watu wakamcheka Nehemiah.

Mwalimu Andrew akamwuliza mapato, akajibu. Akamwuliza ng'ombe, akajibu.

"Una ng'ombe mwingine mahali pengine, hapa lokesheni au nje?"

Sikuwa nimemwambia kwamba ataulizwa hivyo. Swali hilo halikuwa kwenye fomu. Nilitazama wino wangu. Nilipoinua macho nilimwona Ombui, ameegemea nguzo ya ua, akisafisha meno kwa kijiti. Alikuwa amekuja kutoka Nyansiongo kuchukua cheti cha kodi.

"Sina," Alfayo akasema.

"Sema kwa sauti, walio nyuma hawakusikia."

"Sina ng'ombe mwingine mahali popote."

Mwalimu Andrew akauliza kama kuna mwenye neno. Niliona Alfayo naye amemwona Ombui. Ombui akatoa kijiti mdomoni, akakitazama, akakirudisha. Nikapiga muhuri.

Baraza lilipokwisha Ombui akamfuata Alfayo, akampa mkono.

"Umesema vizuri, ndugu yangu. Nimekusikia kila neno. Ningeweza kuharibu, lakini mtoto ni wetu sote."

Alfayo alimshika kwa mikono miwili, akamshukuru mbele yangu. Mtu aliyekuwa akitunziwa mali yake alimshukuru mtunzaji kwa kunyamaza. Sisi wawili tulirudi mlimani tukiwa wepesi kama watu waliovuka mto uliofurika.

Bathsheba akarudi shuleni. Kila Jumatatu watoto wa msamaha waliitwa na kusimama kando ili wahesabiwe, na aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alijifunza kusimama nyuma ya mvulana mmoja mnene. Alisoma hata hivyo. Mwaka uliofuata akaingia darasa la saba.

Mwaka huohuo wa 1969, mwezi wa sita, Zachariah akapata mchumba. Jina lake Nyamusi, msichana wa ng'ambo ya barabara, mchapa kazi, na mama yake alikuwa rafiki wa Drusilla. Watu wa kwao hawakuwa wagumu. Walitaka ng'ombe sita na walitaka kuwaona kabla ya mwezi wa nane kwisha, kwa sababu mwalimu mmoja wa Suneka alikuwa amekwisha kutuma wazee mara mbili. Alfayo akaniambia, "Twende tukawalete." Tukaondoka alfajiri kwa miguu, tukapita Keroka, na saa nne tulikuwa bomani kwa Ombui.

Walikuwa wamekuwa tisa. Niliwatambua wakubwa wote, hata yule mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, aliyetajwa wa kwanza na mzee Ogari. Ombui alitukaribisha kwenye nyumba yake ya mabati, akatupa chai yenye maziwa mengi, akauliza habari za mlimani. Alfayo akaeleza shida yake kwa utaratibu, kama inavyopasa. Ombui akasikiliza mpaka mwisho.

"Ng'ombe gani hao, ndugu yangu?" akauliza.

Alfayo alidhani ni mzaha. "Hao wanaokunywesha chai."

"Hao ni wangu. Wako kwenye kitabu cha josho kwa jina langu, miaka minne. Afisa wa skimu ya makazi anawahesabu kila mwezi, na mimi ndiye ninayelipa." Akaenda chumbani akaleta kitabu chenyewe, akanipa mimi. "Soma, Karani. Kuna Machogu humo?"

Hakukuwa na Machogu. Kwenye skimu kila ng'ombe aliandikwa kwa jina la mwenye ploti. Tulijua, na hatukuona ubaya, kwa kuwa kitabu cha josho kilikuwa kitabu cha wazungu.

"Ombui," Alfayo akasema, "Ogari alikutajia hapa nje. Huyu alikuwapo."

"Ogari ni marehemu, Mungu amrehemu. Wewe ndiye niliyekusikia kwa masikio yangu. Ulisimama mbele ya chifu ukasema huna ng'ombe mahali popote. Popote ni pamoja na hapa." Akanigeukia. "Karani, kwenye fomu uliandika wangapi?"

"Mmoja," nikasema.

"Basi. Yule ni wake, sijamgusa."

Alisema bila ukali. Nadhani alikuwa amekwisha kujiaminisha. Alikuwa amewatibu, amewalipia josho, ameamka usiku wakizaa, na siku ile barazani mwenye ng'ombe mwenyewe aliwakana. Mtu akipewa mlango wa namna hiyo, ni mcha Mungu tu asiyeupita, na Ombui alikuwa mtu wa kawaida.

Tulipokuwa tukirudi Alfayo alitangulia mpaka Keroka. Pale akasimama.

"Nikienda kwa wazee, utasimama?"

"Nitasimama," nikasema. Nilikuwa nikimaanisha.

Sasa shida yake ilikuwa wazi kwa sisi sote. Ili adai ng'ombe ilimpasa kukiri kwamba alidanganya barazani. Akikiri, halmashauri ingemfuta Bathsheba na kudai karo yote iliyosamehewa, na mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Akinyamaza, Nyamusi angekwenda Suneka. Drusilla alitaka angoje mtihani. Watu wa Nyamusi wakasema hawawezi kungoja.

Kwetu kijana hamsemeshi baba yake juu ya kuoa kwake. Anapitia kwa bibi au kwa mjomba, na baba hujifanya hajui mpaka aletewe. Zachariah alivunja hilo. Alisimama nje kwenye migomba jioni moja, nami nikiwa ng'ambo ya mfereji, akamwambia baba yake kwa sauti:

"Tata, Gesare alikwenda Suneka ili mimi nioe. Wewe ulimtoa dada yangu kwa karatasi ya darasa la sita."

Alfayo aliingia ndani akafunga mlango jua likiwa bado liko juu. Nilikaa pale na jembe langu. Nilitaka kumwambia Zachariah kwamba karatasi ni yangu, lakini sikumwambia.

Sabato iliyofuata, baada ya mahubiri, Alfayo alisimama mahali pake pa mashemasi. Alisema, "Mwaka jana niliulizwa mbele ya watu kama nina ng'ombe. Nilisema sina. Wako sita kwa Ombui, na ndama. Nilidanganya ili binti yangu asome." Akaketi. Watoto walikuwa wakigongagonga mabenchi na tuliwasikia vizuri. Kabla ya juma kwisha kanisa lilimvua ushemasi. Kabla ya mwezi kwisha jina la Bathsheba lilifutwa, na barua ya kudai karo ya nyuma ikafika kwenye meza yangu, nikampelekea mwenyewe.

Alimuuza ng'ombe wa maziwa, yule mmoja wa kwenye fomu. Akalipa deni, na iliyobaki ikatosha muhula wa mwisho. Alipomtoa bomani hakuna aliyemsindikiza.

Kikao cha wazee kilikaa kwenye kambi ya chifu mwezi wa nane. Siku moja kabla, chifu aliniita kando ya ghala.

"Kesho utaulizwa," akasema. "Ukisema ulikuwapo Nyansiongo wakikabidhiwa, basi ulijua. Aliyejua na akaandika vingine, hiyo si kesi ya wazee, ni ya mahakama ya Kisii. Mimi sitakuwa na karani tena. Angalia mwenyewe."

Zamani tungepelekwa kwenye emuma, kiapo cha ukoo, na mtu akiapa uongo alijua nyumba yake itakauka mtoto baada ya mtoto. Ningesema ukweli kwa woga, kama si kwa wema. Lakini sote tulikuwa tumebatizwa, Ombui, Alfayo na mimi, na wazee wakasema Mkristo haapi kiapo kile. Tukaambiwa tuseme tu.

Alfayo akaeleza. Ombui akaeleza, akaonyesha kitabu cha josho. Kisha wakaniita.

"Karani, ng'ombe wa Alfayo walipopelekwa kwa Ombui ulikuwapo?"

Nikasema, "Mimi niliandika nilichoambiwa."

"Hatuulizi fomu. Tunauliza ulikuwapo?"

"Nimekwenda Nyansiongo mara nyingi. Siku ya ng'ombe siikumbuki."

Nilikuwa nikimkumbuka kila ng'ombe. Nilikuwa nikikumbuka hata kuku tuliyemla. Alfayo aliniangalia kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kukohoa. Nilipokaa ndipo akafahamu kwamba nimemaliza, akageukia wazee.

Walikata shauri kwamba hapana shahidi na kwamba mdai amekiri kuwa mwongo. Ila, kwa kuwa ni ndugu, Ombui atoe mtamba mmoja kwa hiari. Ombui akakubali mara moja.

"Kama si wangu, sitaki zawadi," Alfayo akasema. "Kama ni wangu, mmoja hatoshi kitu." Akachukua kofia yake.

Nyamusi aliolewa Suneka mwezi wa kumi na mbili. Zachariah akaenda Kericho kuchuma chai na kwa miaka miwili hakukanyaga nyumbani. Bathsheba alifanya mtihani akapita, wa tatu katika shule yake. Ikaja fomu ya msaada wa sekondari, ikiuliza mapato ya nyumba na ng'ombe, na safari hii hata ukweli wenyewe ungempitisha baba yake, kwa maana hakuwa na kitu. Nilimtumia kwa mkono wa mtu. Ilirudi tupu. Aliyeileta alisema, "Amesema hataandikwa tena." Bathsheba alikaa nyumbani akichuma pareto, hadi shule moja ya mbali ilipokosa mwalimu na kumchukua bila mafunzo. Miaka michache baadaye karo ya madarasa ya chini ilifutwa kwa neno moja lililosemwa Nairobi, kwa tajiri na kwa fukara sawasawa, bila kuulizwa mtu ana nini bomani.

Mimi nilibaki karani. Nilipata baiskeli. Chifu alinisifu mara mbili mbele ya Bwana Dii Oo, mkuu wa tarafa. Kwa miaka mitano sikuvuka mfereji ule tena, na Alfayo hakunisema popote. Nilitamani anitukane sokoni. Alikuwa akinisalimu tukikutana, kwa jina langu la ubatizo, si kwa lile la Karani, kisha akapita.

Mwaka wa 1974 Zachariah alikuwa amenunua ng'ombe mmoja mmoja kwa mshahara wa chai, kwenye mnada wa Keroka, hata wakafika sita. Alipata msichana mwingine, Bochaberi. Kwetu ng'ombe wa mahari wakitoka, majirani wa karibu huitwa kuwatazama na kuwahesabu kwa sauti, ili siku za mbele pakitokea neno wawe mashahidi. Tangu ujana wangu sikuwahi kuachwa kwenye kuhesabu kwa mlima ule.

Ijumaa mchana niliona Alfayo anavuka mfereji. Alikuwa ameanza kukohoa tayari, akasimama uani kwangu akipumzika kwenye fimbo. Mke wangu akamletea kiti, hakukaa.

"Jumapili tunapeleka ng'ombe kwa watu wa Bochaberi," akasema. "Nimekuja kukuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu."

"Nimefurahi, ndugu yangu."

"Njoo ule. Drusilla amesema uje, na mimi nimesema uje." Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Lakini usihesabu."

"Nimesikia," nikasema.

Jumapili nilivaa nguo safi, nikaenda. Wanaume walikuwa mbele, mlangoni mwa boma. Nilipita nyuma ya nyumba nikaketi upande wa jikoni na wanawake waliokuwa wakipakua, na Drusilla akanipa sahani bila kuniuliza kwa nini nimekaa pale. Nikasikia Nehemiah mwenye bucha akiambiwa asimame kwenye nafasi yangu. Nikasikia kwato. Walipopita karibu na jikoni niliinamia chakula changu, nikatafuna, wala sikuinua macho mpaka vumbi likatua.